Yule wa Jumapili na Yule wa Jumatano

Jumatano moja, saa mbili usiku, nilimfokea mtu kwa sababu alikuwa akinifanyia jambo nililomwomba mimi mwenyewe.

Mtu huyo ana duka Changanyikeni, mtaa ambao wanafunzi wengi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tunapanga vyumba. Wateja tunamwita Mangi, kama tunavyowaita wenye maduka karibu wote wa jiji hili, wawe Wachaga au wasiwe. Jumapili ya wiki hiyohiyo nilikuwa nimesimama mbele ya dirisha lake la nondo nikamwambia, "Mangi, nimeacha sigara. Nikija kukuomba, usiniuzie."

"Ukiniomba sana je?"

"Hata nikilia."

Alicheka. Tukapeana mikono katikati ya nondo, nikaenda zangu nikijiona mtu mzima.

Jumatano nikarudi. "Mangi, nipe moja."

"Msomi, si ulisema nisikupe?"

"Nasema nipe."

"Ulisema hata ukilia."

Nyuma yangu kulikuwa na binti wa miaka kama tisa, ameshika chupa tupu, ametumwa mafuta ya kula. Sikumjali. Nilimwambia Mangi kwamba kazi yake ni kuuza, auze, na kwamba hakuna aliyemteua kuwa baba yangu. Nilisema na neno jingine ambalo sitaliandika. Mangi aliniangalia kidogo. Akatoa sigara moja kwenye pakiti, akaiweka kwenye ubao wa dirisha, akakataa sarafu zangu mbili.

"Chukua," alisema. "Binti, unataka mafuta ya shilingi ngapi?"

Nasoma shahada ya uzamili ya falsafa. Kwa hiyo ningeweza kukaa darasani saa nzima nikijadili swali ambalo Mangi alilazimika kulijibu kwa sekunde chache huku akipima mafuta: kati ya yule aliyekuja Jumapili na yule aliyekuja Jumatano, alipaswa kumtii nani? Wote wawili walikuwa mimi. Wote wawili walikuwa na akili timamu. Na wa Jumatano alikuwa na hoja moja nzito kuliko mwenzake: yeye ndiye aliyekuwapo.

*

Sikuwahi kununua pakiti. Hilo ndilo lililonifanya kwa miaka mitano niamini kwamba mimi si mvutaji. Madukani kwetu sigara huuzwa moja moja, nami nilijidanganya moja moja. Nilianza mwaka wa pili wa shahada ya kwanza, moja baada ya chakula, moja kabla ya mtihani, moja kwa sababu fulani amenipa. Nilipokaa chini kupiga hesabu niligundua zimefika nane kwa siku. Nane mara siku mia tatu sitini na tano ni 2,920. Mara miaka mitano ni 14,600. Sijawahi kuamua kuvuta sigara 14,600. Kila nilipoamua, niliamua moja, na kuhusu hiyo moja nilikuwa sahihi: isingeniua.

Kilichonifanya niache ni kitu kidogo. Dada yangu anakaa Mbezi, ana mtoto wa miezi minane. Jumapili hiyo nilipofika niliinama kumchukua mtoto, dada akamvuta kwake. Hakukasirika. Alisema tu, "Nenda ukanawe kwanza, na shati ubadili, kuna la shemeji yako pale." Nilinawa, nikavaa shati la shemeji, nikapewa mtoto. Nikakaa naye mapajani nikijua kwamba katika nyumba ambayo huingia bila kubisha hodi, kuna mlango mmoja sasa umewekwa kwa ajili yangu.

Usiku ule ndipo nilipomwendea Mangi.

*

Jumatatu ilipita kwa fahari. Jumanne fahari iliisha. Nikotini hupungua nusu mwilini kila baada ya saa mbili hivi, kwa hiyo kufikia siku ya pili au ya tatu damu inakuwa karibu haina kitu, na ubongo uliozoea kuhudumiwa kila saa unaanza kudai. Hapo ndipo mambo huwa mabaya zaidi. Nilikuwa na njaa isiyoshiba. Nililala saa moja moja. Nilisoma ukurasa mmoja mara nne bila kujua umesema nini. Mwenzangu wa chumbani alikuwa akikoroga chai, na mlio wa kijiko kwenye kikombe ulinitia hasira kiasi kwamba nilitoka nje.

Rafiki mmoja alinitania kwamba nina arosto. Ni neno la mateja, la mtu aliyekosa heroini, naye hulipata mateso ambayo sina haki ya kuyalinganisha na yangu. Lakini lilinifanya nifikirie watu niliokuwa nikiwapita vituoni bila kuwaangalia. Mwaka 2011 Muhimbili walianza kutoa methadoni kwa watu wanaotaka kuacha heroini, na utaratibu ulikuwa mtu aende kila siku, anywe dozi yake mbele ya mhudumu. Zamani nilidhani mtu anayehitaji kusimamiwa kila asubuhi ni mtu asiye na nia. Siku ya pili bila sigara niliona kwamba kuamka kila siku na kwenda kusimamiwa ni nia kubwa kuliko nilizowahi kuwa nazo.

*

Jambo langu lina jina la zamani. Wagiriki waliliita akrasia: kujua lililo bora na kutenda jingine. Katika maandishi ya Plato, Socrates anakataa kwamba jambo hilo lipo. Anayetenda vibaya, anasema, hakujua vizuri. Aristotle anaona hilo halilingani na tunayoyaona kila siku, ila anakubali kwamba mtu aliyeshikwa na tamaa anajua kwa namna fulani tu, kama mlevi anayeweza kutamka maneno ya busara bila kuyamaanisha. Jumatano usiku ningeweza kukutajia madhara yote ya tumbaku kwa mpangilio. Nilikuwa na ujuzi. Haukuwa na uzito wa sarafu mbili.

Karibu zaidi na dirisha la Mangi nimemkuta Sartre. Katika L'Être et le Néant, kitabu chake cha 1943, anamzungumzia mcheza kamari aliyeapa kuacha, ambaye siku inayofuata anaikaribia meza na kugundua kwamba kiapo cha jana hakimshiki. Kipo, anakikumbuka, lakini kimelala pale kama kitu cha mtu mwingine. Lazima akifanye upya sasa hivi, peke yake. Katika kitabu hichohicho Sartre anasimulia alivyojitahidi kuacha tumbaku. Miaka iliyofuata aliendelea kuonekana na sigara au kiko mkononi. Simcheki. Namwona tu kwamba alikuwa akisema ukweli kuhusu viapo.

Kuna sababu kiapo cha kujiahidi mwenyewe ni dhaifu hivyo. Nikikukopa elfu kumi, wewe peke yako ndiye unayeweza kunisamehe deni. Nikijikopa mimi mwenyewe, mdeni na mwenye kusamehe ni mtu mmoja. Jumapili nilijiahidi, Jumatano nikajisamehe, kihalali kabisa, bila shahidi. Nadhani ndiyo maana nilimwendea Mangi. Nilitaka deni liwe na mtu mwingine.

*

Odysseus, kwenye utenzi wa Homer, alifanya hivyohivyo. Alitaka kusikia viumbe ambao uimbaji wao uliwavuta mabaharia hadi kufa, kwa hiyo aliagiza afungwe kwenye mlingoti, na kwamba akiomba kufunguliwa, wamkaze zaidi. Aliomba. Wakamkaza. Kila anayeandika kuhusu kujizuia humtaja yeye na kamba zake. Mimi sasa nawafikiria mabaharia. Masikio yao yalikuwa yamezibwa nta. Hawakuwasikia waimbaji, na hawakumsikia bwana wao akibembeleza au akitukana. Mangi hakuwa na nta. Nilimpa kazi ya kunizuia, kisha nikamwacha anisikilize.

Basi alipaswa kumtii nani? Jibu rahisi ni kwamba wa Jumapili alikuwa mimi wa kweli na wa Jumatano alikuwa nikotini inayosema kwa mdomo wangu. Silikubali. Hasira ile ilikuwa yangu, na neno lile nililichagua mimi. Nikisema ilikuwa nikotini, sina cha kumwombea Mangi radhi.

Jibu jingine ni kwamba aliyetangulia ndiye mwenye mamlaka: ahadi ni ahadi. Hilo nalo si kweli. Tunamjua sote mtu aliyeapa hatakanyaga kwa ndugu yake mpaka kufa, kwa sababu ya shamba au mahari. Miaka inapita, siku moja moyo unalainika, anasimama njiani akiangalia upande wa nyumba ile. Ndugu mwema hatamkumbusha kiapo chake. Atamsindikiza. Huyo wa baadaye ana mamlaka kuliko yule wa kwanza, na kiapo kivunjike.

Tofauti yao, kwa jinsi nilivyofikiria wiki hizi, iko hapa. Yule wa Jumapili alimfikiria yule wa Jumatano. Alijua atakuja, alijua atakuwa na hali gani, na alimwekea mpango. Alimfikiria pia dada, na mtoto. Anayelainika kwa ndugu yake naye anamfikiria yule aliyeapa: anakumbuka aliumizwa na nini, na bado anaenda. Lakini mimi wa Jumatano sikumfikiria mtu yeyote. Sikumwona yule wa Jumapili, sikumwona binti mwenye chupa, wala Alhamisi haikuwapo. Sauti inayoweza kuzungumza na nafsi zako nyingine ina haki ya kuzisemea. Ile inayojua neno "sasa" tu inastahili kusikilizwa, kwa sababu maumivu yake ni ya kweli, ila isipewe funguo.

Nakiri kipimo hiki kina tatizo. Anayeweza kukitumia vizuri ni yule ambaye wakati huo hajashikwa. Ukishashikwa, unahitaji mtu wa pembeni, na mtu wa pembeni ana duka la kuendesha.

*

Sigara ile niliivuta. Nilienda nyuma ya ukuta wa jirani nikaiwasha, na baada ya pafu la tatu kichwa kilizunguka, nikashika ukuta. Haikuwa tamu. Niliimaliza hata hivyo.

Kisha kikaja kishawishi ambacho sikukitegemea, na nadhani ni kibaya kuliko "moja tu". Kilisema: umeshaharibu. Maji yakimwagika hayazoleki. Kanunue nyingine tano za usiku huu, uanze upya Jumatatu. Kwa mara ya kwanza nilisimama kwenye ukuta ule nikapiga hesabu iliyonisaidia. Kati ya Jumapili na Jumatano ningekuwa nimevuta karibu sigara ishirini na nne. Nilikuwa nimevuta moja. Wahenga haohao wenye maji yao walisema pia kuteleza si kuanguka, nami usiku ule niliamua kuwasikiliza upande huo. Nikaenda kulala.

Alhamisi asubuhi nilisimama tena dirishani. "Mangi, samahani kwa jana."

Aliendelea kupanga mikate. "Yameisha. Ila niambie kitu kimoja, msomi. Ukija tena, nikupe au nisikupe?"

Hapo niliona kosa langu la Jumapili, ambalo lilitangulia lile la Jumatano. Nilimkabidhi mtu nia yangu yote aibebe, bila malipo, akiwa na wateja kwenye foleni. Anayekuomba umzuie "hata akilia" amekuandalia ugomvi, naye hatalipa gharama yake.

Nilikuwa nimesoma kwamba wimbi la hamu ya sigara, likiachwa, mara nyingi hushuka ndani ya dakika chache. Nikamwambia, "Usininyime. Niambie nirudi baada ya dakika kumi. Nikirudi, niuzie."

Alifikiria. "Dakika kumi naweza. Kutukanwa siwezi."

Leo ni siku ya arobaini na moja tangu Jumapili ile, na ya thelathini na nane tangu ile moja. Nimeenda dirishani kwa ajili ya sigara mara tatu. Mara zote tatu Mangi aliangalia saa ya simu yake, akasema, "Kumi," nami nikaenda kukaa kwenye jiwe lililo mbele ya kinyozi. Mara mbili nilinyanyuka pale nikaenda nyumbani. Mara ya tatu dakika kumi ziliisha na hamu ikabaki. Nilikaa nyingine kumi, kwa sababu nilimwona yule binti akija na chupa yake, na sikutaka anikute nimesimama pale.