Atazoea

Siku ambayo tangi la samaki linang'aa kuliko siku zote ndiyo siku ambayo halifai kabisa kuwa makazi. Kioo kimefutwa, kokoto zimeoshwa mpaka maji ya kuoshea yakatoka meupe, pampu ya kichujio inaunguruma taratibu, na kila anayepita sebuleni anaona maji safi. Ni masafi kweli. Tatizo ni kwamba ni masafi mno, hayajapata wenyeji.

Samaki hutoa amonia, na sehemu kubwa huitoa kwa matamvua, yaani kwa kule kupumua tu. Mtoni au ziwani amonia hiyo hupotea katika wingi wa maji. Ndani ya tangi la lita 60 haina pa kwenda, inabaki palepale alipo aliyeitoa. Wanaoiondoa ni bakteria wanaojijenga kwenye sponji ya kichujio na juu ya kokoto: kundi moja huigeuza amonia kuwa nitriti, kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wengi wanaimudu ilimradi maji yanabadilishwa mara kwa mara. Kwamba hizi ni kazi mbili za viumbe wa aina mbili, tulionyeshwa na mwanasayansi Sergei Winogradsky karibu na mwaka 1890. Kwa miaka mingi wafugaji waliambiwa fundi wa hatua ya pili ni Nitrobacter, mpaka 1998 Timothy Hovanec na wenzake walipochunguza matangi ya maji baridi wakamkuta mwingine kazini, Nitrospira. Lakini hata ukiwajua kwa majina, hawaharakishwi kirahisi. Wanahitaji wiki nne, sita, pengine nane, na muda wote huo wanataka kula. Chakula chao ni hiyohiyo amonia. Basi nani ailete?

Jibu la zamani, ambalo bado linatolewa kwa sauti ya upole kabisa, ni samaki wenyewe. Nunua wachache wa bei ndogo, wale wagumu, uwatie wakae. Wakipona, tangi limekomaa. Rudi sasa uchukue wale uliowatamani. Danio milia, samaki mdogo wa Asia Kusini asiyezidi urefu wa kidole, amefanyishwa kazi hii katika nyumba nyingi duniani. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu anapewa jembe akiwa bado mlangoni, na nyumba atakayolala ndiyo kwanza aijenge kwa pumzi yake mwenyewe.

Tuseme wazi kinachompata. Amonia huunguza matamvua. Ukali wake unategemea maji: kwenye nyuzi joto 25 na pH ya 7, chini ya asilimia moja ya amonia yote ndiyo iliyo katika umbo lenye sumu kali, pH ikifika 8, inapita asilimia tano. Ndiyo maana samaki wetu wa Ziwa Tanganyika, ambao ndugu zao wanapamba sebule za Ulaya na Marekani, wako hatarini zaidi katika tangi changa: maji wanayoyapenda, yenye pH ya juu, ndiyo yanayoinoa amonia. Baadaye inakuja zamu ya nitriti. Hii hupenya matamvua, huingia kwenye damu na kuifanya ishindwe kubeba oksijeni. Damu inageuka rangi ya kahawia. Utamwona samaki amepanda juu anahema, anagombania hewa, ilhali maji yana oksijeni ya kutosha.

Na mwenye tangi, akiwa nje ya kioo, anasema: atazoea.

Kazi yangu ya uandishi wa habari imenifanya nilisikie sana neno hili. Kuna "nimezoea", ambalo mtu hulisema huku akishusha pumzi, na kuna "atazoea", ambalo husemwa na mtu anayetaka kuondoka zake. La pili halijawahi kutamkwa na mhusika. Tena kwa habari ya samaki ni uongo hata kisayansi. Danio aliyefika wiki ya sita kwa kawaida hakuizoea sumu. Bakteria waliiondoa kabla haijammaliza. Tunamsifia ugumu, na sifa hiyo ndiyo iliyomfanya achaguliwe. Hebu fikiria sifa ya namna hiyo.

Wapo watakaoniuliza kama samaki anaumia kweli. Mwaka 2003 Lynne Sneddon na wenzake, huko Uingereza, waliwadunga samaki aina ya trauti sumu ya nyuki na asidi ya siki midomoni. Wakaanza kuyumbayumba, wengine wakisugua midomo kwenye changarawe, na wakachelewa kurudi kula. Mwaka 2016 Brian Key wa Australia alijibu kwamba samaki hana sehemu ya ubongo inayohitajika kuhisi maumivu, kwa hiyo tunachokiona ni mwili tu unaojibu. Mimi siwezi kuamua ugomvi wa mabingwa hawa. Ila naona ajabu kwamba kila penye shaka, faida ya shaka inakwenda kwa mwenye pochi.

Swali gumu zaidi liliwahi kutoka kwa rafiki yangu, mla samaki hodari kama mimi. "Ndugu yangu, Feri unanunua kibua unamtoa matumbo bila kupepesa, leo unamlilia danio?" Ni kweli, kibua namla. Lakini sijawahi kumwambia mtu kwamba namfuga kibua, wala sijamwekea taa na mwamba wa kujificha nikamwita wa kwangu. Ufugaji ni ahadi. Mwenye mbuzi atamchinja siku yake ikifika, na bado majirani watamsema akimfunga juani bila maji. Sidai kuwa jibu hili linanitakasa. Linaeleza tu kwa nini deni la aina hii ni tofauti na lile la sahani.

Halafu kuna hoja kwamba kila mwanzo una watangulizi wake, na lazima mtu aumie. Hii inanisumbua zaidi, maana nchi yetu imejengwa hivyo kwa sehemu. Shule za kata zilipoongezeka kwa kasi chini ya MMES, mpango ulioanza 2004, nyingi zilipokea kidato cha kwanza bila maabara na zikiwa na walimu wa kuhesabu. Wanafunzi wale wa mwanzo walikuwa danio kwa namna yao. Lakini je, wangengoja? Mtoto wa miaka 14 aliyekosa shule hakai akasubiri. Anaolewa, anaingia kibaruani, umri unampita. Kungoja nako kulikuwa na majeruhi wake, kwa hiyo mtu mwema angeweza kufungua milango mapema na usingizi ukampata. Kwenye tangi tupu hakuna majeruhi. Kinachoumia ni hamu yangu ya kuona kitu kinaogelea Jumamosi hii badala ya mwezi ujao.

Ila si kila mtu anaanza na tangi tupu. Mtoto karudi kutoka kwenye sherehe na samaki ndani ya mfuko wa plastiki, au jirani kahama kakuachia wake. Samaki keshafika, bakteria hawapo. Huyu ndiye ninayemtetea, maana hakumtanguliza mtu, kakuta tayari. Na kwake njia ipo: lisha kidogo, hata siku uruke, pima maji kwa matone ya kupimia, ukiona amonia au nitriti imepanda, badilisha theluthi ya maji au nusu, baada ya kuondoa klorini, hata kama ni kila siku. Chumvi kidogo huzuia nitriti isipenye matamvua, kwa samaki wanaoivumilia. Bakteria wanakua hata kwa amonia ndogo isiyomdhuru samaki, pengine kwa mwendo wa pole zaidi. Maana yake ni kwamba mateso yale ya njia ya zamani hayakuwa bei ya lazima. Yalikuwa bei ya kutobeba ndoo.

Kwa asiye na samaki bado, unaweza kutia amonia halisi isiyo na sabuni wala manukato, tone kwa tone, au kubana chakula cha samaki kioze humo ndani. Bora kuliko vyote ni kuomba kipande cha sponji chakavu kutoka tangi la mtu lililokomaa, kibichi, kilichojaa uchafu wa kahawia. Baada ya hapo unakaa na tangi lenye taa, pampu inakula umeme, unapima na kuandika tarakimu kwenye daftari, wiki baada ya wiki. Wageni watauliza samaki wako wapi.