Mgeni wa Tonge Tatu

Msikilizaji wa Babati, pale Hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, siku hizi hufanyika upasuaji wa kupunguza uzito. Katika aina moja, karibu asilimia 80 ya mfuko wa chakula huondolewa, pamoja na sehemu inayotoa kwa wingi homoni ya njaa.

Aliyefanyiwa huanza na vimiminika, kisha vyakula vilivyopondwa. Vya kutafuna ni baada ya wiki kadhaa. Protini hutangulia: samaki wa ziwa letu, yai, au mbaazi, hizi hizi tunazouza mpaka India. Ugali husubiri, kama nafasi imebaki. Maji hanywi huku akila. Vidonge vya vitamini huvimeza maisha yake yote.

Miezi ya mwanzo nywele hunyonyoka, na baridi ya Mlima Kwaraa humwuma kuliko zamani. Nywele huota tena. Ngozi iliyolegea hairudi yote. Ila kinachomchosha zaidi, kwa maoni yangu, ni midomo yetu. Akipita sokoni: "Mbona kakonda hivyo, anaumwa nini?" Akiishia tonge tatu, mwenyeji ananuna.

Shangazi, akija kwako leo mchana, mbaazi ziive vizuri, na tafadhali usimwongezee.