Kabla Gobore Halijalia

Mbawala dume akipigwa risasi ya tumbo hakimbilii mbali. Huingia kichaka cha karibu, bondeni ambako majani yamesongamana, akajibanza humo kimya. Anayemfuata kwa pupa huweza kukutana na pembe zake uso kwa uso, na wawindaji wa miombo humhofia kwa sababu hiyo. Lakini hatari ya mwindaji ni upande mmoja tu wa jambo. Upande wa pili ni wa mbawala mwenyewe. Risasi ya tumbo haiui kwa dakika. Huua kwa saa nyingi, pengine mchana kutwa na usiku wake. Saa hizo ni za nani? Nani ataulizwa juu yake mbele ya Mungu: aliyefyatua, aliyemtuma, aliyenunua nyama, au hakuna?

Madaba, kando ya barabara kuu itokayo Songea kwenda Njombe, swali hilo lina mahali pake. Ni nchi ya mahindi, vilima na misitu. Kanisa Katoliki lina mizizi mirefu katika mkoa huu tangu Wabenediktini walipofungua misheni ya Peramiho mwaka 1898, na Waislamu wanaishi jirani na Wakristo, wakila harusi moja na kuzika pamoja. Tangu enzi za misafara ya Kilwa iliyokatiza kusini kuelekea Ziwa Nyasa, bunduki ya mtu wa kawaida huku imekuwa gobore, ile inayoshindiliwa kwa mbele. Baruti humiminwa kwenye mdomo wa mtutu, kitambaa kikafuata, mdeki ukashindilia, ikaingia risasi, mdeki ukarudi tena, na mwisho fataki ikapachikwa kwenye mtambo. Likilia, moshi mweupe hutanda mbele ya macho na mpigaji haoni kilichotokea. Hana risasi ya pili. Hadi ashindilie upya, mnyama ama ameanguka ama ameshatoweka na jeraha lake.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya uamuzi wa mwenye gobore hupita kabla hajagusa kifyatulio. Anaamua atie nini ndani ya mtutu, na anaamua asubiri nini ndipo apige. Watu wengi huyaona hayo kuwa mambo ya ufundi tu. Ukweli ni kwamba ndipo dhamiri inapofanya kazi, kwa maana baada ya hapo hakuna kinachoweza kurekebishwa.

Anza na kinachoingia mtutuni. Gobore la asili lilitengenezewa tufe la risasi, madini laini na mazito. Tufe lenye kipenyo cha milimita 15 lina uzito wa gramu 20 hivi, na likipenya ubavu hutanuka kidogo, likafungua njia pana ya damu kwenye mapafu. Magobore mengi yanayokamatwa nchini leo hayatumii kitu cha namna hiyo. Humo hutiwa goroli za baiskeli na mashine, au vipande vya nondo vilivyokatwa kwa tindo. Goroli ya chuma yenye kipenyo kilekile haifiki gramu 14. Haitanuki, na kwa wepesi wake huishiwa nguvu mapema. Kipande cha nondo ni kibaya zaidi, kwani hakina umbo la kuruka. Hupinduka hewani, hufika kikiwa ubavu, huchana ngozi na kuponda mfupa bila kufika moyoni. Wapo wanaotia vipande vingi kwa pamoja wakidhani wanaongeza bahati. Wanachoongeza ni idadi ya majeraha madogo, ambayo kila moja halitoshi kuua.

Hata risasi ndefu yenye ncha, ile ambayo Mfaransa Claude-Étienne Minié aliipatia umaarufu kuanzia mwaka 1849, haisaidii hapa. Inahitaji mtutu wenye mifereji ya kuizungusha, na mtutu wa gobore la kienyeji ni laini ndani kama bomba.

Kisha mahali pa kulenga. Vitabu vya wawindaji wa kulungu huko Marekani huelekeza shabaha nyuma kidogo ya bega. Swala wa Afrika hawako hivyo. Kevin Robertson, daktari wa mifugo aliyeandika The Perfect Shot, kitabu kinachotegemewa sana na wawindaji wa bara hili, anaonyesha kwamba moyo na mapafu yao yamekaa mbele zaidi na chini zaidi, yakifunikwa na bega lenyewe. Mnyama akisimama ubavu, jicho hupanda na mstari wa mguu wa mbele, likaishia kwenye theluthi ya chini ya kiwiliwili. Hapo pana nafasi ndogo, na tufe la gobore lisilo na mifereji huanza kupotea baada ya mita hamsini hivi. Mnyama anayetazama mbele kwa mbele, anayekimbia, au aliyegeuza makalio, si wa kupigwa. Giza nalo likianza kuingia, hapigwi hata akiwa karibu.

Namna silaha inavyoua, Waislamu wa kwanza waliijadili, na kwa undani unaostahili kusikika zaidi misikitini. Adiyy bin Hatim, mkuu wa kabila la Tayy aliyesilimu, alikuwa mwindaji, na maswali yake kwa Mtume yamehifadhiwa katika Bukhari na Muslim. Mojawapo lilihusu mshale usio na manyoya, ambao mara hupiga kwa ncha, mara kwa ubavu. Akajibiwa kuwa mnyama aliyetobolewa kwa ncha aliwe, lakini aliyeuawa kwa ubavu wa mti asiliwe, kwa kuwa huyo amekufa kwa kipigo, naye yumo katika walioharamishwa kwenye aya ya 3 ya Suratul Maida. Katika hadithi nyingine, ya Shaddad bin Aws, Waislamu wanaamrishwa kufanya wema katika kila jambo, hata katika kuchinja: kisu kinolewe, mnyama apumzishwe.

Bunduki ilipoingia, wanazuoni waligawanyika juu ya kanuni hiyohiyo ya Adiyy. Ibn Abidin wa Damascus, aliyefariki mwaka 1836, aliona risasi inaua kwa kuunguza na kwa nguvu ya msukumo, kwa hiyo haimhalalishi mnyama. Shawkani wa Sanaa, aliyefariki mwaka 1834, aliona risasi inapenya, tena kuliko mshale, kwa hiyo inahalalisha. Wengi wa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, walishika tahadhari: mnyama wa bunduki awahiwe angali hai, achinjwe. Wanazuoni wengi wa siku hizi wanakubali risasi inayopenya.

Mjadala huu haukuishia kwenye bunduki kwa jumla. Msingi wake ni kitendo cha kitu kinapoufikia mwili: kimetoboa au kimeponda? Mwislamu wa Madaba anayeletewa paja la mbawala jioni, akaambiwa tu kwamba Bismillahi ilisomwa, ana haki ya kuuliza zaidi. Kama mnyama alipondwa kwa nondo akafia kichakani usiku, Bismillahi peke yake haimtoi kwenye swali la Adiyy.

Upande wa Wakristo, Kitabu cha Walawi, sura ya 17, kinamwagiza mwindaji aimwage damu ya mnyama na kuifunika kwa udongo. Uhai ule haukuwa wake. Thomas Akwino katika karne ya 13 alifundisha kuwa mwenye kuzoea ukatili kwa wanyama hujizoeza ukatili kwa watu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992 inakwenda hatua moja zaidi: inaruhusu kumtumia mnyama kwa chakula na mavazi, lakini inahesabu kumtesa au kumuua bila haja kuwa ni kinyume cha utu wa mtu mwenyewe. Mtu anaweza kusema, njaa ni haja. Naam, ni haja, na hoja hii haifai kupuuzwa na watu wanaonunua nyama buchani. Ila njaa inahalalisha kifo. Haihalalishi nondo. Anayepiga vibaya kwa kuwa na njaa mara nyingi hulala njaa vilevile, kwa sababu nyama imekwenda kuozea bondeni.

Kuna jambo la ajabu katika historia ya risasi ambalo linaweka swali hili wazi kuliko mahubiri. Julai 1899, mataifa yaliyokutana The Hague yalitangaza marufuku ya risasi zinazotanuka ndani ya mwili wa askari, kwa hoja ya kuzuia maumivu yasiyo ya lazima. Sheria ya kulungu ya Uingereza ya mwaka 1991 inasema kinyume: anayempiga kulungu kwa bunduki ya mtutu wenye mifereji lazima atumie risasi ya ncha laini au yenye tundu, yaani inayotanuka. Sababu ni ileile, huruma. Askari akijeruhiwa anatarajiwa kubebwa hospitalini na kupona, kwa hiyo risasi isimwangamize. Mnyama hana hospitali. Huruma pekee iliyobaki kwake ni kufa upesi.

Na tamko lile la The Hague lilikuwa na mpaka. Lilifunga mataifa yaliyolisaini tu, tena yanapopigana yenyewe kwa yenyewe. Miaka sita baadaye vita vya Maji Maji vilizuka, na Wangoni wa Songea wakaingia wakiwa na mikuki na magobore, wakitumaini kuwa dawa itazigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Tamko halikuwahusu. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi wao walinyongwa mjini Songea, na kila mwaka siku hiyo hukumbukwa. Mkoa wenye kumbukumbu hiyo unajua, kuliko miji iliyotunga matamko, nini hutokea huruma inapowekewa orodha ya wanaostahili. Hapo ndipo hoja ya kwamba mnyama ni mnyama tu inapoishiwa nguvu.

Haki inadai jambo lililo wazi, yaani kuua upesi, ingawa lina ugumu wake. Tufe la risasi huua vizuri, lakini madini hayo ni sumu, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama mwilini. California ilipiga marufuku risasi za madini hayo katika uwindaji wote kuanzia Julai 2019, kwa sehemu kubwa ili kuwanusuru tai wake wakubwa wanaokula mizoga. Tufe la gobore linalokwenda polepole halisambaratiki kama risasi ya kisasa ya kasi, hata hivyo nyama inayozunguka jeraha inapaswa kukatwa kwa upana na kutupwa mbali na mbwa na tumbusi. Isiwekwe chunguni kwa mlo wa mtoto.

Baada ya mlio, kazi ya mwindaji ndiyo kwanza inaanza. Damu nyekundu yenye povu majanini ni ya mapafu, na mnyama hayuko mbali. Damu nyeusi nzito ni ya ini. Majimaji ya kijani yenye harufu ni ya tumbo, na hapo anayekimbilia humwamsha mnyama akaenda mbali zaidi. Inabidi kungoja, kisha kufuata hadi mwisho, hata kesho yake. Anayerudi nyumbani akisema amekosa shabaha, na hali ameona damu, amedanganya.

Yupo pia mkulima anayelinda mahindi usiku dhidi ya nguruwe pori, naye hana mchana wala mnyama aliyesimama ubavu. Lawama yake ni ndogo, kwani mlo wa watoto umo shambani. Hata hivyo kelele, moto na zamu za majirani huokoa mahindi mengi kuliko goroli zinazorushwa gizani, ambazo zimeshawahi kumpata mtu badala ya nguruwe.

Sheria nayo haina utata. Kuwinda bila leseni ni kosa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kumiliki silaha bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Mwenye gobore lisilo na kibali Madaba alipeleke kituo cha polisi au kwa mtendaji wa kata usalimishaji wa hiari unapotangazwa. Mwenye leseni na bunduki halali aache goroli na nondo, apige mnyama aliyesimama ubavu tu, na amfuate mpaka ampate. Masheikh, mapadre na makatekista nao walitaje jambo hili kwa jina lake mbele ya waumini, kwa sababu ofisa wa wanyamapori anaweza kukagua leseni, lakini hayupo kichakani mdeki unaposhindilia.