Mwigizaji na Elimu Pana

Marekani viko vyuo visivyofundisha kazi moja. Kijana huingia aghalabu na umri wa miaka 18, akakaa miaka 4 akisoma historia, falsafa, hisabati na lugha, na atokapo si mwanasheria wala tabibu. Ni mtu aliyeelimika tu. Viko na vyuo vya namna nyingine, mathalan idara ya tamthilia ya Juilliard iliyofunguliwa New York mwaka 1968, ambavyo humzamisha mwanafunzi katika pumzi, sauti, mwendo na matamshi. Kijana apendaye jukwaa hujiona yu njia panda, na mara nyingi hutaka kupita njia zote mbili kwa wakati mmoja. Je, hiyo ni busara au ni tamaa?

Wanaokataa wana hoja nzito. Mwigizaji hana chombo ila mwili wake. Mchonga vinyago aweza kuiweka patasi mwaka mzima, akairudia akaikuta. Ulimi, magoti na mapafu havingoji hivyo. Mwanafunzi ashindaye maktabani na kukesha mazoezini hufika mazoezini amechoka na darasani anasinzia. Kisha kila upande huutolea udhuru wa upande wa pili. Udanganyifu huo ni mdogo, lakini wa kwanza kudanganyika ni yeye mwenyewe, na ada inayolipwa kwa jasho la wazazi au kwa deni haimrudii.

Hata hivyo, kuigiza ni nini? Ni kuyabeba maisha ya mtu mwingine mbele ya watu. Aigizaye mtumwa, hakimu, au mama aliyefiwa, husema kwa niaba ya watu wasioweza kumjibu. Hiyo ni amana. Asiyejua kitu ila koo lake atawavika wote sura yake mwenyewe, na sauti iliyonolewa vizuri itauficha upungufu huo tu. Kwa mtu wa namna hii kusoma si pambo. Ni haki ya wale anaowasemea.

Lupita Nyong'o, Mkenya aliyezaliwa Mexico mwaka 1983, alisomea filamu na tamthilia katika Hampshire, chuo kidogo cha Massachusetts ambamo walimu waliipima kazi ya mwanafunzi kwa maelezo ya maandishi badala ya alama. Mwaka 2009 alitoa filamu ya hali halisi, In My Genes, juu ya Wakenya wenye ualbino, watu waliozoea kutazamwa bila ya kusikilizwa. Mwaka 2014 alipata tuzo ya Oscar kwa kumwigiza Patsey, mtumwa, katika 12 Years a Slave. Hakuna mizani ya kupima kazi ile ya kwanza iliifaa vipi hii ya pili. Lakini ni vigumu kuamini kuwa haikuifaa kitu.

Mfano huu, lakini, husema zaidi ya watakavyo wautajao. Baada ya Hampshire alikwenda shule ya tamthilia ya Yale, akahitimu mwaka 2012. Meryl Streep naye alihitimu Vassar mwaka 1971, kisha Yale mwaka 1975. Elimu pana haikushika mahali pa mazoezi, iliyatangulia. Na hawa ni washindi. Walioshindwa kwa njia hiyo hiyo hawatajwi na mtu.

Wazazi wengi huitaka shahada iwe akiba, jukwaa likimtupa mtoto. Sababu hiyo si ya aibu, ingawa ni ya chini kuliko zote: asomaye falsafa kama mtu anunuaye bima huisoma vibaya, na jukwaani hupanda mguu mmoja nje.

Wanafunzi wa Makerere walipoanza mwaka 1965 kuzunguka na michezo yao Uganda na Kenya, walisafiri wakati wa likizo, wakicheza kwa lugha mbalimbali bila ya kutoza kiingilio. Muhula ulikuwa wa vitabu, likizo ya jukwaa, wala kimoja hakikufanywa udhuru wa chenziwe.