Kalamu ya Mmoja, Ulimi wa Mwingine

Msomaji, usikiapo hotuba tamu ya mwanasiasa, humpenda msemaji na kumdhania mwenye hekima. Lakini mara nyingi maneno yale yaliandikwa na mtu usiyemjua, akalipwa mshahara wake, akanyamaza. Je, sifa ni ya nani? Na je, tumedanganywa?

Tazama hotuba aliyoitoa Ronald Reagan, Rais wa Marekani, mjini Berlin tarehe 12 Juni 1987. Mwandishi wake, Peter Robinson, alitia humo wito kwa Mikhail Gorbachev, kiongozi wa Muungano wa Kisovieti, auvunje ukuta uliougawa mji ule. Wakubwa wa Wizara ya Mambo ya Nje walitaka wito huo ufutwe, wakichelea kumuudhi Gorbachev. Rais aliupima, akaamua ubaki, akautamka karibu na ukuta wenyewe. Kalamu ilikuwa ya Robinson. Uamuzi ulikuwa wa Reagan, na lau wito ungalileta madhara, lawama ingalikuwa yake.

Basi kusaidiwa maneno si hila, kama isivyo hila kumwajiri mwashi akujengee nyumba. Hila ni kuvaa sura ya huruma au ushujaa usiokuwamo moyoni. Usimhukumu kiongozi kwa utamu wa hotuba. Mpime kwa neno alilokubali kulibeba lilipokuwa zito, na kwa matendo yaliyolifuata. Ahadi ni deni, na anayedaiwa ni aliyetamka, si aliyeandika.