Sadaka au Deni?

Kila tarehe 23 Mei, siku ya kimataifa ya kutokomeza fistula, simu zetu hujaa picha zilezile: mama amevaa leso mpya, daktari anatabasamu, na chini yake watu wameandika "Mungu ni mwema." Mimi pia hufurahi. Lakini kuna swali ambalo picha hizo hulipita mbio: yule mama anadaiwa shukrani, ama ni sisi tunaodaiwa naye?

Tuanze na mwili. Uchungu wa kuzaa ukikwama siku mbili, tatu, kichwa cha mtoto hukandamiza kibofu cha mkojo kwenye mfupa wa kinena. Damu haipiti. Nyama iliyokosa damu hufa, na baada ya siku chache hubanduka na kuacha tundu kati ya kibofu na uke. Mkojo unavuja mchana na usiku. Mara nyingi hata mtoto mwenyewe hakuishi.

Tundu dogo hushonwa tu. Likiwa kubwa, au likiwa lilishonwa likaachia, daktari huenda akahitaji nyama hai ya kuweka katikati. Njia moja ilielezwa na Mjerumani Heinrich Martius mwaka 1928: kipande cha mafuta kwenye shavu la uke hukatwa, lakini upande mmoja huachwa ukiwa umeshikana na mishipa yake ya damu. Kisha hupitishwa chini ya ngozi hadi kwenye kidonda. Kiraka hicho hakiombi damu, kinakuja na yake. Na kinatoka kwake mwenyewe. Tundu lililoletwa na ucheleweshaji, analiziba kwa nyama yake.

Nasema ucheleweshaji, sio bahati mbaya. Wanaojua Kericho na Bomet wanajua jani la chai halisubiri. Likishachumwa lazima lifike kiwandani haraka, la sivyo linapata joto ndani ya gunia na kuharibika. Kwa hivyo kuna ratiba, kuna vituo vya kupimia, na lori linapanda kilima hata kukiwa na matope. Likikwama, watu wanalisukuma. Mwanamke mwenye uchungu naye ana saa zake. Lakini yeye atatafutiwa bodaboda usiku, baada ya mume kupatikana kwenye simu, baada ya mama mkwe kusema tungoje kidogo. Juni 2013 kujifungua katika hospitali za umma kulitangazwa kuwa bure. Sawa. Lakini kitanda cha bure hakipandi kilima kumfuata mtu. Vilima ni vilevile, matope ni yaleyale. Tofauti ni nani tumeamua hawezi kungoja.

Ndiyo maana neno sadaka linanisumbua. Mimi nilichangiwa karo kwa harambee kabla niache chuo, na kanuni yake naijua: aliyekuchangia anangoja umshukuru, na ukiomba zaidi unaonekana huna adabu. Deni ni kitu kingine. Anayelipwa deni huhesabu pesa mbele yako, na zikipungua, anasema.

Sasa fikiria hili. Wapo wanawake ambao tundu limezibika kabisa lakini mkojo bado unawatoka, kwa sababu misuli ya kuuzuia nayo iliumia. Kwenye faili imeandikwa limefungwa. Nyumbani bado anafua matambara. Kama upasuaji ulikuwa sadaka, atanyamaza asije akaitwa mkosa shukrani. Kama ni deni, ana haki ya kusema "bado sijapona," na sisi hatuna ruhusa ya kukunja uso.

Utaniambia, kwani daktari alimkosea nini? Hakumkosea. Hillary Mabeya, aliyeanzisha hospitali ya Gynocare kule Eldoret kwa ajili ya wanawake hawa, hakumchelewesha mtu. Daktari wa namna hiyo analipa deni lisilo lake, na hapo ndipo heshima yake ilipo. Basi yeye ashukuriwe. Sisi wengine, tunaokunywa chai iliyofika kiwandani kwa wakati, tusikae tukingoja asante.