Yasiyoonekana Mahali pa Kale

Mtu azuruye mahali pa kale huja na macho yenye njaa. Hutaka ukuta aushike, kaburi alizunguke, kigae cha chungu kiwekwe mbele yake nyuma ya kioo. Njaa hiyo si dhambi, walakini ina upendeleo. Hushibishwa na watu waliojenga kwa mawe, na waliojenga kwa miti na majani huwapita kana kwamba hawakuishi. Afikaye Tongoni, kusini ya Tanga, hukuta magofu ya msikiti na makaburi yenye minara, akarudi ameridhika. Afikaye Magoma, katika bonde la Luengera baina ya Usambara ya Mashariki na ya Magharibi, hukuta mkonge, mashamba na nyumba za watu, na yamkini huondoka akisema kuwa hapa hakuna historia.

Neno hilo "hakuna" lastahili kupimwa. Kuna kisichoonekana kwa sababu wenyewe walikificha, na kuna kisichoonekana kwa sababu wengine hawakukiona kuwa na thamani ya kuhifadhiwa. Cha kwanza chadai heshima. Cha pili ni deni.

Mfano wa cha kwanza ni Vuga, mji wa wafalme wa Kilindi, ng'ambo ya milima. Enzi yao ilianza kwa Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu, ikafikia kilele chake chini ya Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862. Burton na Speke walipomwendea mwaka 1857 walipokewa na mfalme, lakini mji wenyewe ulikuwa marufuku kwa wageni. Nyumba zilikuwa za miti na majani. Kimweri alipokwisha kufa jamaa zake walipigana, Semboja wa Mazinde akauteketeza mji, na moto haukubakiza gofu la kutazamwa. Hata kifo cha mfalme kilikuwa siri: alizikwa bila kutangazwa, na mrithi akaletwa usiku kutoka Bumbuli, ili nchi isikae hata siku moja bila mwenyewe.

Je, mgeni wa leo ana haki ya kuonyeshwa kilichofichwa hivyo? Atasema elimu ni ya wote, na ufalme wenyewe umekwisha. Hoja yake ina uzito, maana siri hiyo haikuwa ya ibada tupu. Ilikuwa pia chombo cha kutawala, na raia walinyimwa habari kama wageni. Hata hivyo kuifichua siri kwa jembe si njia ya pekee ya kuijua. Abdallah bin Hemedi alikusanya masimulizi akaandika Habari za Wakilindi kwa Kiswahili. Kitabu kikachapwa Magila, kikatolewa tena Nairobi mwaka 1962. Humo msomaji huambiwa mengi kuliko ambayo shimo lolote lingemwonyesha. Ajuaye kwamba kaburi lilifichwa, na kwa nini, amekwisha kupata sehemu kubwa ya elimu iliyomo kaburini. Akizuiwa kusogea zaidi hajadhulumiwa.

Magoma ni jambo jingine kabisa. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na vitabu husema kwamba miche 62 tu ndiyo iliyofika hai. Idadi ya miche imehifadhiwa vizuri ajabu. Walioikata, wakaibeba na kuisindika kwa miaka mingi waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alijulikana kwa namba, naye alipewa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi iliyotiwa alama kila siku aliyotimiza kazi yake. Wengi walitoka mbali, wengine hata nje ya mipaka ya Tanganyika, na wako waliozeeka mashambani wakazikwa huko. Hawa hawakujificha. Hapakuwa na baraza lililokaa likaamua kwamba majina yao yawe siri. Yaliachwa tu, kama majani ya mkonge yaliyokwisha kukamuliwa.

Basi akitafuta magofu katika bonde hili atahangaika bure. Ukumbusho upo, ila ni mdogo na umetawanyika: kipande kilichokunjwa ndani ya sanduku la mjane, lahaja ya mbali inayosikika bado katika nyumba moja, ngoma iliyohamia pamoja na wenyewe. Jijini Tanga boma la Wajerumani limefanywa makumbusho, na ni vema. Lakini boma lilijengwa ili lidumu, na limedumu bila kuombewa. Karatasi ya kipande haikukusudiwa kudumu hata mwaka mmoja. Ikiwekwa nyuma ya kioo, jina la mwenyewe liandikwe juu na namba yake chini, pamoja na kijiji alichotoka na mwaka alioingia shambani. Haya hayangoji jengo kukamilika. Yangoja daftari, na mtu wa kuketi na wazee waliokata mkonge, ambao kila mwaka wanapungua.